Kanga Husomwa kwa Nyuma

Jukwaa la maonyesho ya mitindo lina safari mbili, ya kuja na ya kurudi. Mwanamitindo anatoka nyuma ya pazia, anashika njia iliyonyooka, anafika mwisho, anatua kidogo, anageuka, anarudi alikotoka. Tangu enzi za Lucile, mshonaji wa London aliyekuwa akiwapitisha wasichana mbele ya wateja wake mwanzoni mwa karne ya 20, umbo hilo halijabadilika sana. Kilichobadilika ni uzito wa kila safari. Siku hizi mwisho wa njia wamesongamana wapiga picha, na picha itakayotoka gazetini na kuzunguka kwenye simu za watu ni ya kuja: uso, kifua, mkono kiunoni. Safari ya kurudi imebaki kuwa ya kumpisha mwenzako. Mtu anayewavika wanamitindo analijua hilo fika. Nguo ikipwaya anaibana kwa nyuma, na kila kilicho kizuri anakivuta mbele.

Kwa gauni la kushona hasara yake si kubwa. Kwa kanga tunapoteza nusu ya vazi, na nusu yenyewe ndiyo inayosema.

Tuitazame kanga kabla hatujamvika mtu. Ni mstatili wa pamba, urefu wake kama mita moja na nusu, upana wake mita moja na kitu. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na ndani ya mji, juu kidogo tu ya pindo la chini, kuna jina, yaani yale maneno yaliyochapishwa, limekaa katikati ya urefu wa kitambaa. Sasa jifunge. Unaipitisha nyuma yako, unavuta ncha mbili mbele, unazipishanisha, unakunja. Ile sehemu ya katikati, lilipo jina, imeangukia nyuma. Wewe uliyeivaa huwezi kulisoma. Anayekuja mkikabiliana uso kwa uso hawezi kulisoma. Atakayelisoma ni yule uliyekwisha kumpita. Kipande cha pili cha doti, ile jozi ya kanga mbili zinazouzwa pamoja, ukikitupa mabegani au ukijitanda ushungi, nacho kinapeleka jina mgongoni. Mwanamke aliyevaa doti nzima kwa hiyo amebeba maneno yale yale mara mbili, yote upande asiouona: mara ya kwanza mgongoni, mara ya pili nyuma ya miguu.

Ndiyo maana kanga imekuwa chombo kizuri mno cha kijembe. Ukinunua kanga yenye fumbo la kumtuliza jirani mwenye domo, humsogelei ukamkabili nayo. Unampita. Unamwamkia vizuri kabisa, unamuuliza hali za watoto, unamwombea heri, unaendelea na njia yako. Akigeuka kukutazama unavyokwenda, limeshamfika. Akija kulalamika kwa wakubwa, atalalamikia nini? Nguo imeuzwa dukani, imechapishwa kiwandani, na wewe hukufungua mdomo ila kwa salamu. Ustadi wote wa vazi hili umo katika kuchelewa huko: mvaaji anatangulia, neno linafuata.

Historia ya kanga inaeleweka vizuri zaidi ukiishika kwa upande huo. Majina yalianza kwa herufi za Kiarabu, na anayetajwa sana katika kuyaeneza ni Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla. Hapa Unguja, mwanahistoria Laura Fair ameandika jinsi wanawake waliokuwa watumwa walivyoacha kaniki na merikani baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, wakavaa kanga ili waonekane watu huru. Waliokuwa wakivaa kaniki walivaa kitambaa kisichosema lolote. Walipovaa kanga walipata rangi, mapambo, na juu ya hayo maneno yao mgongoni.

Mahali pazuri pa kuliona umbo hili la neno kumfuata mvaaji likifanya kazi si hotelini kwenye maonyesho. Ni Mkokotoni, maji yakiwa yametoka. Mkokotoni ndiyo makao ya Mkoa wa Kaskazini Unguja, lakini anayeshuka pale kwa gari za abiria hatafuti ofisi za serikali. Anateremka dikoni, kwenye samaki na vyombo, na mbele yake kisiwa cha Tumbatu kimejinyoosha, ng'ambo ya mita elfu chache tu za bahari. Watu wa Jongowe na Gomani wanavuka kuja kuuza, kununua, kwenda hospitali, kufuata shughuli za serikali, kisha wanarudi. Kurudi ndiko kunakonivutia. Wakati wa maji kupwa chombo hakifiki nchi kavu, kinafuatwa kiliko. Kinamama wanashuka kwa msururu na vikapu vyao na watoto wao, na wewe uliyebaki juu ya ufukwe unawaona wote kwa nyuma. Migongo kumi, majina kumi, yote yakisogea polepole kuelekea majini.

Angalia kinachotokea kwa kitambaa. Kwenye mchanga mkavu hatua ni fupi, kwa sababu kanga iliyozungushwa vizuri inaifunga miguu na kuipa kipimo chake. Mwendo wa maringo ambao washairi wetu hawachoki kuusifu, kwa sehemu kubwa ni mwendo uliokatwa na nguo. Wakifika penye maji, mwanamke anasimama, anashusha kikapu au anampa mwenzake amshikie, analegeza kifundo, anakunja kanga juu ya kiuno mara moja, mara mbili, anakaza. Jina linapanda. Lililokuwa chini ya goti sasa liko pajani, na maji yanapofika gotini maneno bado ni makavu. Hakuna mtu aliyemwelekeza, wala hajapitia mazoezi ya jukwaa, lakini kila kitu ambacho mvishaji wa maonyesho anahangaika nacho kimetatuliwa pale kwa mkono mmoja: urefu wa pindo, usalama wa kifundo, uhusiano wa hatua na nguo.

Na wala kujipamba si jambo jipya kwenye ufukwe huo. Mkokotoni ni mahali pa kale. Wachimbaji wa mambo ya kale, miongoni mwao Henriette Rødland aliyeandika tasnifu yake ya udaktari Chuo Kikuu cha Uppsala mwaka 2021 juu ya Tumbatu na Mkokotoni, wamechambua maisha ya watu wa huko kabla ya mwaka 1400, na miongoni mwa vitu vilivyotoka ardhini ni shanga za kioo zilizovushwa bahari ya Hindi. Nazitaja kwa sababu moja. Mwanamke wa pwani amejua siku zote kwamba si kila pambo huvaliwa lionwe. Utunda, shanga za kiunoni, huvaliwa chini ya nguo zote, na anayepita nao anajulikana kwa mlio na kwa namna anavyokwenda. Mvishaji wa jukwaani ambaye anavika kwa ajili ya jicho peke yake tayari amekwisha kuacha sehemu ya elimu hii nje ya mlango.

Sasa tuingie ukumbini, kwenye jukwaa letu wenyewe, ambalo watu wengi hawalihesabu kuwa jukwaa la mitindo. Namaanisha kutunza kwenye taarabu.

Mwimbaji yuko mbele, wapiga vyombo nyuma yake, wasikilizaji wamekaa wakiwatazama. Ndivyo ilivyo kwa Nadi Ikhwan Safaa iliyoanza mwaka 1905, ndivyo ilivyo kwa Culture Musical Club, ndivyo ilivyo kwenye harusi ya kijijini yenye kinanda kimoja na spika mbili. Ubeti ukimgusa mtu, anainuka na noti yake mkononi, ameinyanyua ionekane, anakwenda mbele kwa kufuata mahadhi. Akifika anaiweka mkononi mwa mwimbaji, anageuka, anarudi kukaa. Hebu tuisome safari hiyo kwa makini. Anapokwenda, ukumbi mzima unauona mgongo wake. Uso unakuja baadaye, akirudi. Ni njia ile ile iliyonyooka, ni kwenda na kurudi kule kule, ila mpangilio umepinduliwa: London, New York na Dar es Salaam uso unatangulia na mgongo unafuata, Unguja mgongo unatangulia na uso unafuata. Kule unamjua mtu kwanza halafu, ukibahatika, unapata neno lake. Huku unapata neno kwanza, na ukishalisoma ndipo unaoneshwa mwenye neno.

Tofauti hiyo inabadilisha kazi ya uso. Jukwaani kwa wenzetu uso wa mwanamitindo umefundishwa kutosema kitu. Macho yanatazama juu ya vichwa vya watu, midomo imetulia. Anayerudi kutoka kutunza hana ruhusa ya uso wa namna hiyo. Ametoa pesa kwa ajili ya ubeti fulani, watu wamemwona, na sasa wote wanangoja kuona macho yake yatatua wapi. Yakitua safu ya tatu, upande wa kushoto, kwa mtu ambaye ghafla ameanza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake, basi ukumbi umeelewa ule ubeti ulikuwa wa nani. Tabasamu la kurudi ndilo linalofunga barua iliyobebwa mgongoni wakati wa kwenda.

Mtu atasema: bibi harusi na wageni wa usiku siku hizi hawavai kanga, wanavaa magauni. Ni kweli. Kanga imebaki na nguvu kwenye kidumbaki, kwenye ngoma za uwani, kwenye shughuli za mchana ambako watu wamevaa sare na kujifunga kibwebwe. Lakini yatazameni magauni yenyewe ya sare yanapokwenda kutunza. Mafundi wetu hawaupuuzi mgongo. Utaona shanga zimeteremshwa hadi kiunoni, kamba zimepishanishwa, mkia wa nguo umepewa urembo wa kutosha kwa gauni jingine zima. Fundi anajua mteja wake ataonekana vipi kwanza. Kinachoanza kuliharibu umbo hili ni mpiga video. Bibi harusi anapoingia, polepole, somo yake pembeni akimnong'oneza, "Taratibu, mwanangu, usiwakimbie," mbele yake kuna kijana anayetembea kinyumenyume na kamera na taa. Wageni wanaona mgongo wa kijana. Bi harusi naye, bila kuambiwa, ameanza kumtembelea yeye.

Turudi kwenye maonyesho yenyewe. Tanzania ina jukwaa kubwa la mitindo tangu mwaka 2008, Mustafa Hassanali, mbunifu aliyesomea udaktari wa binadamu, alipoanzisha Swahili Fashion Week jijini Dar es Salaam. Asia Idarous amefanya kazi ndefu ya kuipandisha kanga yenyewe jukwaani, hata akayapa maonyesho yake jina la Khanga za Kale. Christine Mhando, kwa lebo yake ya Chichia London, ameishona kanga ikawa magauni na makoti ya mjini. Na New York, mwaka 2008, Max Osterweis alianzisha lebo ya Suno kwa kanga alizokuwa amezikusanya Kenya kwa miaka mingi. Sina ugomvi na mkasi. Kanga inakatwa tangu zamani. Hata doti inatoka kiwandani haijatenganishwa, na jambo la kwanza unalofanya nyumbani ni kuikata na kuipinda. Swali langu ni dogo zaidi: jina limekwenda wapi?

Mara nyingi nimeona njia tatu. Ya kwanza ni kulitupa. Fundi anakata mji na pindo, anaacha kisanduku cha maneno kwenye mabaki, anabaki na ua na rangi. Hiyo ni nguo nzuri ya pamba iliyochapishwa, na inaweza kuwa nzuri sana, lakini haijui inakotoka, sawa na kitenge. Ya pili ni kulihamishia kifuani. Hapa mbunifu amelithamini jina, anataka lisomwe, na kwa kuwa anajua picha inapigwa mbele, analiweka mbele. Matokeo yake ni fulana ya kampeni. Maneno yaliyotungwa yasomwe na mtu uliyempa kisogo sasa anatupiwa mtu machoni, na fumbo linakuwa tangazo. Ya tatu ni kulikata vipande, nusu ya neno begani, nusu ubavuni, herufi zikawa mapambo. Kwa mnunuzi wa New York asiyejua Kiswahili hakuna kilichopotea. Kwake yalikuwa mapambo tangu mwanzo. Mtazamaji wa Dar es Salaam au wa Michenzani hapa Unguja yeye anakaa anajaribu kuunganisha silabi, na wakati anazitafuta, mwanamitindo ameshapita.

Ajabu ni kwamba jukwaa la mitindo, ukiliacha lifanye kazi yake yote, linaifaa kanga kuliko ukuta wa makumbusho au picha ya ukurasani. Lina safari ya kurudi. Hakuna sanaa nyingine ya kisasa ya kuonesha nguo iliyojengwa juu ya mtu kukupita na kukuachia mgongo. Umbo lipo, limelipiwa, limewashiwa taa. Sisi tunalizima katikati.

Kuna mambo ya kiufundi ambayo anayevika anapaswa kuyajua, na hapa ndipo ningependa kukaa kidogo, kwa kuwa uhakiki wa mitindo kwetu unapenda kusifu rangi na kuishia hapo.

La kwanza ni urefu wa macho. Jina la kanga iliyofungwa kawaida liko chini, karibu na goti au chini yake. Kwa mtu aliyekaa kwenye kiti, ukumbi ukiwa sakafu moja na njia ya kupita, hapo ni mbali na macho yake. Safu ya mbele inainamisha kichwa, safu ya pili inaona visogo vya safu ya mbele, na safu ya tano imekuja kutazama mabega. Hoteli nyingi siku hizi hazinyanyui tena njia, wanatandika zulia tu sakafuni, kwa mtindo wa Ulaya. Sasa mkumbuke mtazamaji wa zamani wa kanga, mama aliyekaa kwenye mkeka uani, miguu ameikunja, shughuli inaendelea. Yeye macho yake yako chini. Anayepita mbele yake anapita na pindo, na hina ya miguu, na jina, vyote vikiwa karibu kabisa na usawa wa macho hayo. Nikiisoma kanga kama kazi ya sanaa, nasema imepangwa kwa msomaji aliyekaa chini. Kwa hiyo ukumbi wa viti unadai jambo moja kati ya mawili: njia inyanyuliwe, au kanga ifungwe juu zaidi, ikunjwe, ijengwe kibwebwe, hadi maneno yafike mahali safu ya tano inaweza kuyaona. Mama wa Tumbatu anayeingia majini alishalitatua.

Ngome Kongwe pale Mji Mkongwe ni kinyume chake. Watazamaji wamekaa kwenye ngazi za mawe, juu ya jukwaa. Wanaangalia kutoka juu, na kinachowafikia kwanza ni kichwa na mabega. Pale kipande cha pili cha doti, kile cha ushungi, ndicho kinachobeba onyesho. Anayevika kwa ajili ya Ngome Kongwe sawasawa na anavyovika kwa ajili ya ukumbi wa hoteli hajalitazama jengo.

La pili ni hatua. Wanamitindo wamefundishwa kupita mguu mbele ya mguu, hatua ndefu, nyonga zikisukuma. Ifunge kanga halafu uende hivyo: mpishano wa mbele unafunguka, kifundo kinalegea, mkono unakimbilia kiunoni kuokoa hali. Umeona mara ngapi mwanamitindo aliyeshika kanga yake kwa vidole viwili njia nzima, na watu wakadhani ni pozi? Nyuma ya pazia dawa inayotumika ni pini nyingi na tepu ya kubandika pande mbili, na kwa kuwa mtu mmoja anaweza kupita mara mbili tatu usiku mmoja na ana dakika chache tu kati ya vazi na vazi, zile pini zinakuwa ndizo zinazomchelewesha. Vazi ambalo mwanamke yeyote wa pwani analifunga kwa nukta chache, bila kioo, limegeuzwa kuwa kazi ya watu wawili. Kosa si la kanga. Mwendo ulipangwa kabla ya nguo. Mpunguzie mwanamitindo hatua, mvue viatu virefu, mwache kitambaa kimwambie mwisho wa mguu wake uko wapi, utashangaa pini ngapi zitabaki kwenye kopo. Na kanga mpya ifuliwe kwanza. Ikitoka dukani bado ina wanga wa kiwandani, inasimama kama karatasi, haianguki mwilini. Mwanamke wa Unguja hawezi kwenda nayo harusini hivyo, sijui kwa nini tunaipeleka hivyo jukwaani.

Mwendo wenyewe una asili yake. Nchini kwetu wasichana wengi hawakujifunza kupita kutoka kwa washonaji, walijifunza kwenye mashindano ya urembo. Miss Tanzania ilifanyika mwaka 1967, ikaja kufungiwa, ikarudi 1994, na katika miaka hiyo ya kurudi ndipo kizazi cha kwanza cha wanamitindo wa sasa kilipopatikana. Shindano la urembo lina sheria moja: majaji wako mbele. Kila kitu kinapelekwa kwao. Tabasamu, mkono kiunoni, kutua na kusubiri. Tabia hiyo imehamia kwenye maonyesho ya nguo na haijaondoka, na nadhani ndiyo sababu safari yetu ya kurudi ni dhaifu hata kuliko ya Paris. Mrembo akimaliza kwa majaji, kwake imekwisha.

Ndiyo maana namkumbuka Flaviana Matata. Mwaka 2007 alishinda Miss Universe Tanzania akiwa amenyoa kichwa, akaenda hivyo hivyo Mexico City. Watu walizungumzia uso wake, kwamba umeonekana wazi zaidi. Mimi naona jambo la pili. Mwanamke aliyenyoa, akigeuka, bado ana kitu cha kuonesha: kisogo, shingo, mstari wa mabega. Mawigi na nywele za kumwaga mgongoni, ambazo ndizo pambo la kawaida kwenye majukwaa yetu, zinafunika mahali hasa ambapo kipande cha pili cha doti kinaweka jina. Anayevika kwa kanga aanze kwa kuinua nywele, au kuzifunga, au kuzitia ndani ya ushungi.

Bado kuna jambo la harufu, na sitalirefusha. Onyesho la moja kwa moja linatofautiana na picha kwa sababu mwili halisi unapita karibu na watu. Kwetu nguo za shughuli hufukizwa udi juu ya chetezo, kifuani panawekwa kikuba cha asumini na mrehani, na harufu hiyo haimfikii mtu uliyeelekea kwake. Inamfikia ukishampita. Inafuata ule ule mwenendo wa jina la kanga: mwenyewe anatangulia, kilichobaki nyuma yake ndicho kinachofanya kazi. Sijaona mvishaji wa maonyesho ya mitindo aliyefukiza nguo zake kabla ya pazia kufunguliwa, ingawa makaa na udi ni bei ndogo kuliko tepu.

Hukumu yangu basi ni hii. Tumefanikiwa kuipandisha kanga jukwaani kama kitambaa, na wabunifu niliowataja wanastahili heshima kwa hilo. Kama vazi lenye mwenendo wake, bado. Onyesho linaloitendea kanga haki lingeanza kwa mgongo: wanamitindo watoke upande wa watazamaji, waelekee kwenye pazia, kama mtu anayekwenda kutunza, kisha wageuke na kurudi na nyuso zao. Wapite wawili wawili, mmoja nyuma ya mwenzake, doti moja imegawanywa baina yao, wa nyuma akilisoma jina la wa mbele kama tunavyosomana njiani. Watue katikati ya ukumbi, si mwisho wake, na watue wakiwa wametupa mgongo, kwa muda wa mtu wa kawaida kusoma maneno sita. Mshereheshaji asiyasome kwa kipaza sauti. Fumbo likisomwa kwa spika limekufa.

Na kama hayo yote ni mengi kwa mwaka mmoja, basi ndugu waandaaji, fanyeni hili peke yake katika onyesho lenu lijalo. Wapiga picha wote wanawekwa mwisho wa njia. Mtoeni mmoja, mkamketishe upande wa pazia, awapige picha wanamitindo wakirudi kumwelekea na wakiondoka kumpa mgongo. Gharama yake ni kiti kimoja.